Hakiki kwanza, ndipo utume: hadithi fupi za kutisha kwa wachapishaji wadogo

Nasomesha Kiswahili katika skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba, na usiku naandika hadithi za kutisha. Kwa miaka minane zimetoka tano, zote ndani ya vitabu vya mkusanyiko vya wachapishaji wadogo: mbili kwa Kiswahili, tatu kwa Kiingereza baada ya kuzifasiri mwenyewe. Wanafunzi wangu wa zamani hunijia barazani na mswada ndani ya simu. "Mwalimu, nitume wapi?" Nami huwauliza wameshahakiki vitabu vingapi vya aina hiyo. Wengi hawajahakiki hata kimoja, na hapo ndipo tunapoanzia.

Kanuni ninayoitegemea zaidi katika kazi hii ilizaliwa ndani ya uhakiki. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe alikuwa akihakiki hadithi za Mmarekani mwenzake, Nathaniel Hawthorne, ndipo akaandika kwamba hadithi fupi isomwe kwa mkao mmoja, kati ya nusu saa na saa mbili, na kila neno ndani yake livutie kwenye athari moja aliyoikusudia mwandishi. Aliiona alipokuwa anaipima kazi ya mtu mwingine. Nawe utaona mengi kwenye hadithi za wenzako ambayo kwenye zako mapenzi yanakuficha.

Basi tafuta kitabu kimoja chenye hadithi kumi na mbili au kumi na tano. Soma usiku, hadithi moja au mbili tu kwa mara moja, kwa sababu hofu ikizidishwa huchakaa na hadithi ya tano utaionea. Mara ya kwanza usishike kalamu. Mara ya pili piga mistari kwenye daftari upate safu tatu: nani anaogopa nini, sentensi gani ilikubana, na mwisho ulijibu swali gani lililoulizwa mwanzo.

Safu ya pili ndiyo yenye faida kubwa. Ukishaijaza kwa hadithi kumi utagundua kuwa sentensi iliyokubana mara chache huwa na damu. Kwangu mimi huwa ni maneno ya kawaida kabisa yaliyokaa pahala pasipo pake: mtu anaitikia hodi kabla haijapigwa, vikombe vitatu vimeachwa mezani usiku, asubuhi vipo vinne na vyote ni vya moto. Daftari langu la kwanza lilinionesha kuwa mimi mwenyewe nilikuwa napiga kelele katika kila ukurasa. Nilizifuta hadithi mbili nikaziandika upya.

Halafu tazama mpangilio. Mkusanyiko si gunia. Mhariri amefikiria ipi ifungue mlango na ipi iufunge, na ipi ikae katikati impumzishe msomaji. Ukiona hadithi mbili za kisima zimefuatana, jiulize kama amekusudia au amepitiwa, kisha liseme hilo katika uhakiki, maana wahakiki wengi huruka kazi ya mhariri kana kwamba kitabu kilijipanga chenyewe.

Unapoandika, maneno mia sita hadi mia tisa yanatosha. Usiziite hadithi zote moja moja kama mahudhurio ya darasa. Chagua nne au tano, moja kati ya hizo iwe iliyoshindwa, na ueleze imeshindwa wapi hasa, ukurasa gani. Usimwage mwisho wa hadithi yoyote. Hadithi ya kutisha iliyomwagwa haizoleki. Kitabu ukikipata bure, sema umekipata bure. Ukiwa na hadithi yako ndani yake, usikihakiki kabisa.

Na ukiwa rafiki wa mwandishi, useme au uache. Niliwahi kukisifu kitabu kwa kuwa mmoja wa waandishi wake tulisoma pamoja. Mwalimu mwenzangu akaniamini, akakiagiza kutoka Dar es Salaam, akalipia kitabu na usafiri wa boti. Baada ya wiki alikiweka mezani kwangu, amekunja kona ya ukurasa wa 31, pale alipoachia. Hakusema neno. Niliona haya kwa muda mrefu, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya mtu mwenye watoto, na sifa yangu ndiyo iliyoitoa mfukoni mwake. Mchapishaji mdogo mara nyingi ni watu wawili watatu wanaotumia pesa zao za akiba, na huruma inakuja yenyewe. Lakini msomaji naye anatoa akiba.

Sasa uandishi wenyewe. Shule yangu ilikuwa majamvini. Msimu wa karafuu, jioni, tulikaa kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule, vidole vimepata weusi na harufu imejaa puani, na bibi akihadithia. Hakuwa akianza na shetani. Alikuwa akianza na njia: "Mnaujua ule mkarafuu uliolalia kisimani?" Sote tulikuwa tunaujua, tuliupita kila siku. Kesho yake ndipo hadithi ilipofanya kazi, tulipotumwa maji. Fanya hivyo hivyo kwenye karatasi. Mpe msomaji pahala pa kupita kila siku kwanza, umzoeze, ndipo ubadilishe kitu kimoja.

Nenda Pujini, kwenye magofu yanayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba, ukasikilize habari ya kisima. Inasimuliwa kuwa wake zake wawili walikuwa na wivu, basi kisima kikatiwa ukuta wasikutane: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwingine akishuka kwa ngazi mpaka majini. Hofu imeshakamilika hapo. Umeinama majini, unasikia pumzi ya mtu upande wa pili wa ukuta, na unajua mwenzio amesafiri tangu juzi. Ukiongeza jini mwenye pembe utaharibu.

Juu ya popobawa, shetani anayesemwa kuwa huwavamia watu usiku, nina la kusema, kwa sababu mhariri wa nje akisikia unatoka Pemba huenda akamtaka. Mwaka 1995, hofu ile ilipoanza hapa kwetu, nilikuwa na miaka kumi na moja. Nakumbuka mikeka imetandikwa nje, majirani wamelala kwa makundi, moto unawaka, na baba amekaa mgongo ukutani hasinzii. Ikavuka mpaka Unguja, na huko mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na watu waliomdhania kuwa ndiye. Kwa hiyo ukimwandika popobawa unawagusa watu walio hai waliolala nje usiku ule, na unamgusa maiti wa kweli. Andika mkeka, andika moto, andika macho ya baba. Mabawa waachie wengine. Wala usisimamishe hadithi katikati kumfafanulia mgeni jina hilo lina maana gani. Bibi hakusimama, na mgeni ataelewa kwa kuona watu wanavyofunga milango.

Kabla ya kutuma, soma masharti ya mchapishaji mara mbili, na uangalie idadi ya maneno. Hapa Kiswahili kina mtego wake. "Hatukumwona" kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni manne au matano. Hadithi yangu ya maneno 2,100 ilipofasiriwa ilifika 2,900, na kikomo kilikuwa 2,500. Kama utafasiri, andika fupi tangu mwanzo. Tazama pia saa ya kufunga: saa sita usiku ya New York ni saa moja au saa mbili asubuhi kwetu, kutegemea majira yao, kwa hiyo una usiku mzima wa ziada, ila usiutumie wote maana umeme na mtandao havina ahadi. Barua ya kuambatanisha iwe sentensi tatu: jina la hadithi na urefu wake, ulikotoa kazi nyingine kama zipo, na shukrani. Usiisimulie hadithi. Usitume hadithi moja kwa wawili kwa wakati mmoja mpaka masharti yaruhusu. Mchapishaji akidai ada ya kusoma, mimi hupita.

Malipo yanatofautiana sana. Chama cha waandishi wa hadithi za kubuni za sayansi na fantasia cha Marekani, SFWA, mwaka 2019 kilipandisha kiwango cha weledi kikawa senti 8 za Marekani kwa neno. Hadithi ya maneno 3,000 ingepata dola 240. Wachapishaji wadogo wengi hawafiki huko. Wengine hutoa senti moja, wengine nakala mbili za kitabu. Si aibu kupokea nakala mbili, ikiwa mkataba ni safi.

Na mkataba ndio nataka uusome umekaa, simu umeizima. Tafuta mambo manne. Wanachukua haki gani: ya kuchapisha kwa mara ya kwanza kwa lugha hiyo moja tu, au wanataka na tafsiri, sauti na filamu? Watakaa nayo peke yao kwa muda gani? Miezi sita au mwaka naona ni haki. Kitabu kisipotoka, hadithi inarudi kwako lini? Na malipo yanafika kwa njia gani inayopokeleka Zanzibar? Mimi nilisaini kwa furaha karatasi isiyo na tarehe ya kurudi, kwa mchapishaji mmoja wa nje. Kitabu hakikutoka, barua hazikujibiwa, na hadithi yangu ilifungwa miaka miwili. Siku hizi naomba sentensi moja iongezwe: kitabu kisipotoka ndani ya miezi kumi na minane, haki zote zinarudi kwa mwandishi. Hakuna aliyewahi kunikatalia.

Hadithi ni mali yako tangu ulipoiandika. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi, tangu 1994, na ulinzi huo hausubiri usajili. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003 na ofisi yake, COSOZA, tofauti na COSOTA ya Bara. Ukiandikisha kazi huko unapata ushahidi wa tarehe, jambo linalosaidia likitokea la kutokea.

Hadithi zikirudi, weka daftari: imekwenda wapi, lini, imerudi lini. Ninayo moja iliyokataliwa mara saba. Kabla ya mara ya nane niliihakiki kama kitabu cha mtu, kwa zile safu tatu, nikaona sentensi ya kwanza iliyobana ilikuwa ukurasa wa tatu. Nikakata kurasa mbili za mwanzo. Ikakubaliwa.

Nakala zako zikifika, linganisha hadithi na mswada mstari kwa mstari, na makosa uyapeleke kwa mhariri wiki hiyo hiyo, kwani kitabu kinachochapwa kwa oda kinaweza kurekebishwa kwa nakala zinazofuata. Nakala moja naweka. Ya pili nampa mwalimu wa hesabati wa skuli yetu, asiyependa hadithi za kutisha, yule yule aliyekunja ukurasa wa 31. Huniandikia nusu karatasi, pamoja na namba ya ukurasa alipoachia.