Jinsi ya kutuma riwaya yako ya upelelezi kwenye tuzo za Dagger ukiwa huku huku Bongo

Kila ikikaribia Krismasi naanza kupata meseji za watu, kaka ile tuzo ya riwaya za mauaji inatumwaje, inalipiwaje, ni ya kweli au matapeli. Basi leo naandika mara moja tu, nikiulizwa tena natuma hii. Niseme mapema kabisa sijashinda. Nimetuma mara mbili na zote sijagusa hata ile orodha ndefu, yaani mchujo wa kwanza, ila makosa niliyofanya nayajua moja moja na ndo nataka wewe usiyarudie.

Tuanze na ipi ni ipi maana hapa watu wanachanganya sana. Dagger ni jambia. Zinatolewa na chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza, CWA, alikianzisha John Creasey mwaka 1953 na tuzo ya kwanza wakatoa 1955. Wakati ule ilikuwa haiitwi jambia, iliitwa Crossed Red Herring, jina la samaki kabisa, kwa waingereza huyo samaki mwekundu ndo ile dalili ya uongo mwandishi anayokutegea ili umshuku mtu asiye na kosa. Jina la Gold Dagger likaja 1960. Sasa hiyo Gold Dagger ndo watu wanaisikia wanadhani unaituma tu, hapana, hiyo ni ya vitabu ambavyo tayari vimetoka Uingereza na anayepeleka ni mchapishaji. Hivyo hivyo ile ya thrila yenye jina la Ian Fleming, na ile ya kitabu cha kwanza yenye jina la huyo huyo Creasey, na ya tafsiri. Zote hizo achana nazo kwanza.

Yako wewe ni moja, ilianza 1998 ikiitwa Debut Dagger, saivi wameibadilisha wanaiita Emerging Author Dagger. Hii ni ya mtu ambaye hana mkataba na mchapishaji wa riwaya, uwe unaishi Mbagala au Manchester ni sawa tu. Kama ulishajichapishia mwenyewe Amazon au ulipeleka kitabu stationary wakakitoa kopi, usijihukumu wala usijipitishe, kasome masharti ya mwaka huo kwenye tovuti yao maana hicho kipengele kina mambo yake na wanakibadili badili.

Wanachotaka ni vitu viwili, maneno 3,000 ya mwanzo wa riwaya na muhtasari usiozidi maneno 1,500. Basi. Kwa Kiingereza. Kiingilio miaka ya karibuni kimekuwa pauni 36, ukibadilisha ni laki na ushee ya kwetu, sio hela ndogo, kwahiyo usitume kitu ulichoandika wiki moja kabla kama mimi mara ya kwanza, laki yangu niliichoma hivi hivi.

Mtu atauliza maneno 3,000 wanajuaje kama najua kuandika kitabu kizima? Muulize Alan Bradley. Mzee wa Canada, anakaribia miaka 70, mwaka 2007 katuma mwanzo tu wa hadithi ya kijiji cha Uingereza, nchi yenyewe hajawahi kuikanyaga, akashinda, na inasemekana mara yake ya kwanza kufika Uingereza ni siku alipoenda kuchukua jambia lake. Wachapishaji wakagombania kitabu ambacho kilikuwa hakijaandikwa, ikabidi akae chini akiandike, kikatoka 2009. Na Louise Penny naye wa Canada, 2004 alikuwa wa pili tu, leo hii ni jina kubwa. Lakini ushauri wangu usimuige Bradley, maliza kwanza drafti hata kama ni mbovu, kwa sababu ya hiki kinachofuata.

Muhtasari. Hapa ndo tunapofia wengi na sisi waswahili tuna ugonjwa wetu maalum. Tumekulia kwenye hadithi za magazeti, zile za ITAENDELEA WIKI IJAYO, kwahiyo ukiambiwa fanya muhtasari mkono unaenda wenyewe, "Je, nani alimuua mhasibu? Na ule mzigo ulikuwa na nini? Fuatana na Inspekta..." Mimi niliandika hivyo hivyo mara ya kwanza, nikamficha muuaji nikaona mimi mjanja kumbe jaji hataki kushawishiwa anunue gazeti, anataka ajue kama hadithi yako ina mwisho na kama mwisho wenyewe unatokana na mwanzo. Mtaje muuaji. Sema kwa nini aliua, sema alidanganya vipi, sema mpelelezi aliteleza wapi na nini kilimfungua macho. Kila kitu mezani, kama unamsimulia rafiki yako filamu ambayo unajua hatakuja kuiona.

Mfano wangu wa kubuni tu. Badala ya "mhasibu wa SACCOS anakutwa amekufa kisimani na siri nzito zinaanza kufichuka", andika "mhasibu wa SACCOS anakutwa kisimani, kauawa na mwenyekiti wake ambaye amekuwa anakopa kwa majina ya wanachama waliokwisha kufa, mpelelezi anamkamata kwanza mume wa marehemu kwa sababu walipigana jana yake, anagundua kosa lake pale anapokuta sahihi ya mkopo ina tarehe ya baada ya mazishi ya mkopaji." Umeona tofauti? Ya kwanza ni tangazo. Ya pili hata kama ina shida unaweza kuishika na kuikosoa. Ukishamaliza mpe mtu ambaye hajasoma riwaya, akimaliza muulize swali moja, kwa nini muuaji aliua siku ile na sio mwezi mmoja nyuma? Akibabaika tatizo sio yeye, plot yako ina tundu, rudi ukaizibe. Ndo maana nasema drafti imalizike kwanza, huwezi kueleza mwisho ambao hata wewe hujaufikia.

Sasa yale maneno 3,000. Kurasa kama kumi na kidogo ukiacha nafasi ya mistari miwili. Sio lazima maiti iwe ukurasa wa kwanza ila lazima kuwe na kitu hakijakaa sawa, mtu aliyepiga simu akakata, mlango uliofungwa kwa nje. Mara ya pili mimi nilianza na mvua, halafu mpelelezi anaamka na hangova, halafu anakumbuka mke wake aliyemwacha, maneno 900 yamekwisha na hakuna kilichotokea. Mvua na hangova majaji wameshaziona mpaka basi.

Kosa langu lingine lilikuwa kuwaelezea wazungu. Kila nikiandika daladala naweka sentensi nzima kueleza daladala ni nini, nikiandika kanga nasimama tena, yaani hadithi ikawa inatembea na mkalimani pembeni. Acha konda agonge bati, abiria wabanane, gari liondoke kabla mtu hajakanyaga vizuri, wataelewa wenyewe. Na hapo hapo usiwaandikie London. Kuna watu wako Tandika lakini mpelelezi wao anavaa koti refu na anawaambia washukiwa wana haki ya kukaa kimya kama kwenye muvi za Marekani. Tuna mambo yetu ambayo mwingereza hawezi kuyabuni. Majeruhi anafika hospitali anaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, iko wapi. Mshtakiwa wa mauaji anafikishwa kwa hakimu, anasomewa shtaka halafu anaambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake, dhamana hakuna, upelelezi haujakamilika, anarudishwa rumande, na anaondoka hapo hata neno moja hajasema. Sisi tumeisoma kwenye magazeti mpaka tumeizoea ila kwa mtu anayeisoma mara ya kwanza hiyo ni sura nzima ya kitabu. Tafuta askari mstaafu mtaani kwako, mnunulie kahawa, muulize alikuwa anafanyaje kazi siku gari la kituo halina mafuta. Utarudi na vitu.

Kiingereza chako usikipambe. Maneno ya kamusi yanaonekana tu. Sentensi fupi zinamfaa mtu anayeandika lugha ya tatu, na mazungumzo yaandike huku unayasikia kwa Kiswahili kichwani, hiyo ladha yenyewe ndo sauti yako.

Kwa anayetaka kuandika Kiswahili na asitake kusikia habari ya Kiingereza, namuelewa kabisa, kuna Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Afrika kwa Kiswahili, mmoja wa waanzilishi wake Mukoma wa Ngugi mwenyewe anaandika riwaya za upelelezi, na kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere kwa watanzania. Hizo sio za uhalifu peke yake lakini usiseme upelelezi haushindi, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na mpelelezi wake Bwana Msa walichukua nafasi ya kwanza kwenye shindano la hadithi za Kiswahili la 1957/58, na kitabu kikatoka 1960. Tena hizo zinataka kitabu kizima.

Kutuma sasa. Dirisha kwa kawaida linafungwa mwishoni mwa Februari na malipo ni kwa kadi, kama huna ya benki ile ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu jaribu nayo, ila jaribu siku kadhaa kabla sio usiku wa mwisho, maana kadi ikikataa na umeme ukakatika hapo hapo utalia. Saa yao iko nyuma ya yetu masaa matatu kipindi hicho, usiitegemee hiyo kama akiba. Jina lako lisionekane popote kwenye kazi, majaji wanasoma bila kujua ni nani, na hapa angalia vizuri, sio ukurasa wa kwanza tu, ingia kwenye taarifa za faili, laptop huwa inaandika jina lako huko kimya kimya. Hesabu maneno mara mbili. Kichwa cha riwaya kiwe kile kile kwenye fomu na kwenye faili.

Ukishatuma barua pepe ya uthibitisho itunze. Kinachofuata ni orodha ndefu, halafu fupi, halafu mshindi anatangazwa kwenye dina London, zawadi yenyewe imekuwa pauni 500, kwahiyo usianze kupiga hesabu ya kiwanja. Utamu uko kwenye ile orodha fupi kwa sababu mawakala wa waandishi na wachapishaji wanapelekewa hizo kazi wazisome, na wakala akipenda swali lake la kwanza ni kitabu kizima kiko wapi. Kwahiyo ile miezi ya kusubiri usikae unarefreshi inbox, rudi sura ya nne ambako hadithi yako huwa inalegea.