Kununua PlayStation iliyotumika Lubumbashi, na gemu zipi uziingize nyumbani

Nina chumba cha kuchezea gemu huku Katuba, hapahapa Lubumbashi, televisheni chache na mabenchi, na wazazi hawaishi kuniuliza: "Mama, tumnunulie mtoto mashine gani?" Jibu langu halijabadilika kwa muda mrefu. Nunua PlayStation 4 (PS4) iliyotumika, yenye mlango wa diski. PS5 ni nzuri kuliko hiyo, sibishani na mtu, ila fikiria utakayolipia na utakachokitumia kweli.

Watu wengi huchagua mashine kwanza, halafu ndio wanaanza kutafuta gemu. Geuza. Uliza nyumbani kwako watacheza nini, na watacheza wangapi kwa wakati mmoja. Hapa kwetu gemu ni shughuli ya kundi: wawili wameshika maneti (vidhibiti vya kuchezea), wanne wanapiga kelele nyuma yao, na anayefungwa anaachia kiti. Kwa hiyo kwenye gemu sianzi kutazama uzuri wa picha. Natazama kama watu wawili wanaweza kucheza kwenye skrini moja, bila intaneti, bila kununua kitu kingine chochote.

Kwa kipimo hicho PS2 ilikuwa malkia. Ilitoka Japani mwaka 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Lakini Sony iliacha kuitengeneza tangu 2013, lenzi nyingi zimechoka, na televisheni mpya nyingi hazina tena yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Ninayo moja bado, kwa ajili ya akina papa wanaokuja jioni kutafuta ujana wao. PS3 inafaa kama pesa ni kidogo, ila ujue gemu zake za mpira wa miguu, FIFA na PES, zimesimama: FIFA ya mwisho kwake ni FIFA 19, PES ya mwisho ni PES 2018. Nintendo Switch ningeisifu zaidi kwa mji wa umeme wa kubahatisha, maana ina betri ndani, na maneti yake ndogo inagawanyika ikawa mbili za watu wawili. Shida yangu ni kwamba kadi zake za gemu sizioni sokoni, na gemu usiyoweza kubadilishana na jirani ni gemu ghali.

Hiyo ndiyo sababu ninasisitiza mlango wa diski. Diski unanunua leo, mwezi ujao unaiuza au unabadilishana na mwenzako wa mtaa wa Kamalondo. PS5 ya kidijitali, ile inayouzwa bila mlango, inakufunga kwenye intaneti kwa kila gemu, na gemu moja ya mpira inaweza kuvuka GB 40. Hesabu mwenyewe megabaiti utakazonunua.

Siku ya kwenda kuiona

Usinunue mashine iliyozimwa kwa ahadi ya "umeme ukirudi utaona". Umeme ukirudi, na wewe rudi.

Nenda na diski halisi unayoijua na waya wako wa HDMI. Kabla hata ya kuwasha, pindua mashine usome kibandiko. Namba inayoanza na CUH-1 ni PS4 ya kwanza kwanza, CUH-2 ni Slim, CUH-7 ni Pro. Mimi kwa nyumbani huchukua Slim. Kiwango chake cha juu cha umeme ni wati 165, cha Pro ni 310, na tofauti hiyo utaikumbuka siku utakapoiunganisha kwenye jenereta ndogo au kwenye betri ya sola. Tazama pia skrubu na vibandiko vyake: vikiwa vimechubuliwa, uliza nani aliifungua na kwa nini. Kufunguliwa si dhambi, fundi mzuri huifungua kupanguza vumbi, lakini muuzaji awe na jibu.

Waya wa umeme usikutishe. PS4 ya kwanza na Slim zinatumia ule waya wa tundu la namba nane, uleule wa redio, unapatikana kila mahali. Mashine zinazoingia kupitia Zambia au Dubai huja na plagi ya vyuma vitatu bapa. Badilisha waya mzima, usiweke adapta juu ya adapta juu ya ralonji, ule waya wa kurefushia umeme. Iliyotoka Japani nayo usiikimbie: PS4 inasoma diski za nchi yoyote, na menyu unaibadilisha kuwa Kifaransa. Utakuta tu kwamba kitufe cha O ndicho cha kukubali na X ndicho cha kurudi. Watoto wanazoea kabla ya wewe kumaliza kulalamika.

Washa. Ingiza diski, itoe, iingize tena. Kisha cheza, usikubali kuoneshwa menyu tu. Kaa nusu saa nzima, muuzaji akichoka shauri yake. Feni ikianza kuvuma mechi ikiwa bado changa, ndani kuna vumbi jekundu la kiangazi chetu au dawa ya kupoza prosesa imekauka. Vyote vinatengenezeka, lakini bei ishuke.

Sasa maneti, na hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa macho wazi. Anzisha mechi ya mpira, chagua mchezaji aliye mbali na mpira, kisha ondoa vidole vyako vyote. Mtazame. Akibaki amesimama, vizuri. Akianza kujongea polepole upande mmoja, kijiti cha kushoto cha maneti, kile cha kumwendesha mchezaji, kimeliwa. Kwangu mtoto akiona hivyo anaita, "Mama, hii maneti iko natembea yenyewe!" na mchezo unasimama mpaka niilete nyingine. Kifanyie hivyohivyo kijiti cha kulia kwenye gemu yenye kamera ya kuzungusha. Halafu zungusha kijiti taratibu, duara zima, ukisikiliza kama kinakwaruza. Bonyeza pia bamba la kugusa lililo katikati na uchomeke earphone upande wa chini, maana maneti nyingi za kuiga hufeli hapo kwanza. Kijiti kinabadilishwa kwa kuchomelea kipande kipya, lakini tafuta fundi anayefanya hivyo kila siku, si kijana anayejifunzia kwenye maneti yako.

Kuna mashine zinazouzwa na gemu thelathini ndani, "bure". Hizo zimekrekiwa, yaani ulinzi wake umevunjwa ili zicheze gemu zisizolipiwa. Zinafanya kazi, sitadanganya, ila programu yake lazima ibaki ya zamani, gemu mpya zinaikataa, na ukiiunganisha na mtandao wa Sony unaweza kufungiwa. Halafu ikifutika, na gemu thelathini zimefutika. Mimi hupita.

Umeme

PS4 inakubali volti 100 mpaka 240, kwa hiyo kushuka kwa umeme hakuiui haraka. Kinachoua ni ule mshtuko wa umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa plagi ukutani, mashine na televisheni zote mbili. Ukirudi, ngoja dakika chache, taa za jirani zitulie, ndipo uchomeke. Stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti, ni lazima kama unacheza kila siku. Msimu wa mvua, radi zikianza kunguruma, hata kama mechi iko dakika ya 88, chomoa. Radi za Katanga hazina mchezo.

Na usiiache kwenye usingizi, ile hali ya taa ya rangi ya chungwa. Inapendeza kwa mtu wa umeme wa uhakika. Kwetu umeme ukikatika ikiwa imelala, siku ya pili inakukaripia kwamba haikuzimwa vizuri na inaanza kukagua diski kuu. Izime kabisa. Wafundishe watoto pia kile kialama cha kuzunguka pembeni ya skrini: kikionekana gemu inajihifadhi, mtu asiguse kitu.

Gemu gani sasa

Mpira kwanza, tusijifanye. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kwa jina hilo, tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, na FC 24 na FC 25 zote zilitoka kwenye PS4. Mechi za watu wawili zinakubali bila intaneti. Kama kundi lako lina wazee waliokulia kwenye PES, tarajia ugomvi: kwenye PES kitufe cha mraba ndicho shuti na O ndicho mpira wa juu, kwenye FIFA na FC ni kinyume. Baba mzima anabaki na kipa peke yake, anapiga krosi nje ya uwanja, watoto wanaanguka kwa kucheka. Dawa ipo. Ingia kwenye mipangilio ya maneti kabla ya mechi, chagua mpangilio mbadala kwa mchezaji huyo peke yake. Shuti inarudi kwenye mraba. Kila mchezaji anaweza kuwa na wake.

Lakini kama utaniruhusu gemu moja tu ya mpira kwa Lubumbashi, nachagua PES 2021, ya diski, kwenye PS4. Ina sehemu ya kuhariri ambayo FC haina hivyo. Unachukua timu usiyoipenda, unaibadilisha jina, nembo, jezi, wachezaji mmoja mmoja mpaka nywele. Picha unaziweka kwenye flashi ndani ya folda iitwayo WEPES, kisha unaziingiza kupitia sehemu hiyohiyo ya kuhariri. Hapo TP Mazembe inaingia na mistari yake ya weusi na weupe, Lupopo na bluu yake, na mnacheza debi ya mji wenu sebuleni. Kuna mteja wangu alitumia likizo nzima kuirudisha Mazembe ya 2010, ile iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ikafungwa na Inter 3-0. Kwake safari hii Inter haipati kitu. Mrithi wa PES, eFootball, ni ya bure lakini imejengwa juu ya intaneti, kwa hiyo diski ya PES 2021 itunze.

Ukitoka kwenye mpira, Tekken 7, gemu ya kupigana. Raundi ni fupi, foleni inakwenda haraka, na dada asiyejua kitufe hata kimoja anaweza kumpiga kaka yake kwa kubonyeza ovyo. Mortal Kombat pia ni ya wawili, ila damu yake si ya watoto. Soma namba ya umri kwenye jalada, 18 ni 18. GTA V hivyohivyo, na zaidi ya hayo haina watu wawili kwenye skrini moja. GTA San Andreas ya PS2 ilikuwa nayo, sijui kwa nini walituondolea. Magari: kabla ya kulipa Gran Turismo 7 ujue kwamba sehemu kubwa yake inadai intaneti hata ukicheza peke yako.

Kusasisha mashine bila intaneti nyumbani

Siku moja diski mpya itadai programu mpya ya mashine. Nenda saiba, duka la intaneti, na flashi iliyofomatiwa FAT32 au exFAT. Tengeneza folda PS4, ndani yake folda UPDATE, zote kwa herufi kubwa. Pakua faili kwenye tovuti ya PlayStation yenyewe, ihifadhi humo kwa jina PS4UPDATE.PUP. Nyumbani chomeka flashi, ingia mipangilio, chagua kusasisha programu. Fanya saa ambayo umeme wa mtaa wenu huwa unatulia, kwangu ni usiku sana, maana ukikatika katikati utahangaika.

Flashi hiyohiyo itumie kunakili gemu mlizohifadhi. PS4 inakubali: mipangilio, usimamizi wa data zilizohifadhiwa, nakili kwenye USB. PS5 hairuhusu hivyo kwa gemu zake, inataka ulipie uhifadhi wa mtandaoni. Na kila mtoto mfungulie mapema akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, kwa sababu data imefungwa kwenye akaunti. Mashine ikifa na akaunti haipo, nakala yako haitafunguka kwenye nyingine.