Mnunuzi wa udongo anaanzia maabara
Kama kampuni yenu inachimba udongo maalumu, msikimbilie orodha ya viwanda vinavyoweza kuununua kabla ya kuupima maabara. Kaolini, aina ya udongo mweupe, huenda kwenye karatasi, rangi na kauri. Bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, huhitajiwa na wachimba visima vya mafuta, na viwanda vya kusubu chuma huitumia kushikanisha mchanga wa kalibu.

Kisha fungueni takwimu za forodha: namba ya bidhaa ya kaolini ni 2507, ya bentonaiti ni 2508.10. Mtaona nchi zinazoagiza na kwa tani ngapi.

Mkipiga simu kiwandani, tafadhali msiishie kwa ofisa manunuzi. Ombeni kuzungumza na fundi wa maabara. Ndiye anayejua weupe, unyevu na ukubwa wa chembe unaokubalika pale, na ndiye atakayeipima sampuli yenu.