Jinsi ya kutembelea minara ya taa ya zamani na fukwe za Maziwa Makuu ya Marekani

Kabla hujafungua ramani elewa kitu kimoja kwanza, mnara wa taa haukuwekwa pale ili ufukwe upendeze. Uliwekwa kwa sababu pale meli zilikuwa zinapanda mwamba au mchanga na watu wanakufa. Ukilishika hilo safari yako inajipanga yenyewe, maana kila unapoona mnara unajua hapo maji yana tabia yake, na unajiuliza ni ipi kabla hujavua viatu.

Maziwa yenyewe ni matano, Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, Marekani na Kanada wanagawana yote isipokuwa Michigan ambalo lote liko upande wa Marekani. Usiyachukulie poa ati kwa sababu hayana chumvi wala papa. Superior peke yake ni kama kilomita za mraba 82,000, yaani linalipita hata Ziwa Victoria, na sehemu yenye kina kirefu inafika mita 406. Ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, ni maji na mbingu tu, na upepo ukichafuka mawimbi yake ni ya bahari kabisa.

Sasa kosa ambalo wengi wanafanya ni kutaka kuona minara kumi ndani ya wikiendi moja, unaishia kuona barabara tu. Jimbo la Michigan lina minara zaidi ya 120, hakuna jimbo jingine Marekani linaloifikia, kwa hiyo huwezi kuimaliza na wala usijaribu. Chagua kipande kimoja cha pwani. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza mimi nasema shika pwani ya mashariki ya Ziwa Michigan, anzia South Haven, panda Grand Haven, lala Ludington, malizia Sleeping Bear Dunes, hifadhi ya taifa ya vilima vya mchanga, ukipata siku nne hivi utafaidi vizuri bila kukimbizana. Nenda Julai au Agosti kama unataka kuogelea. Kama ni minara tu basi Septemba ni tamu zaidi, watu wamepungua, lakini usichelewe sana maana minara mingi ya kupanda inafunguliwa kuanzia Mei mpaka Oktoba halafu inafungwa, kwa hiyo angalia ratiba ya mnara husika kabla hujatoka, na siku yenye upepo mkali au radi wanaweza kufunga ngazi hata kama ratiba inasema wazi.

Kama nafasi ni ya mnara mmoja tu, basi uwe Big Sable Point, pale kwenye hifadhi ya jimbo ya Ludington. Ulijengwa 1867, una urefu wa kama mita 34, umepakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa mistari mipana ili nahodha autambue hata mchana. Gari haliendi mpaka pale, unaliacha kwenye hifadhi unatembea karibu kilomita tatu, na hapo ndipo utamu ulipo. Njia ya kwenda pita ile ya ndani katikati ya vilima vya mchanga, kurudi pita ufukweni maji yakiwa pembeni ya miguu. Ukifika usikimbilie ngazi, sogea kwanza ushike ukuta wa mnara kwa mkono. Sio matofali, ni chuma. Matofali ya zamani yalikuwa yanamomonyoka kwa upepo na baridi, mwaka 1900 wakauvalisha mnara wote mabati mazito ya chuma, na ukiwa karibu unaona maungio yake, na upande unaopigwa na jua chuma kinakuwa cha moto huku upande wa pili baridi kabisa. Halafu ndio upande, ngazi 130 za kuzunguka, na juu huoni nyumba hata moja, ni mchanga, msitu na ziwa. Watu wanaokupokea pale ni wa kujitolea, wanaishi kwenye nyumba ile ile ya watunza taa kwa wiki moja mbili, waulize maswali, wanapenda sana kueleza. Vaa raba, kandambili kwenye ngazi za chuma ni hatari na mchanga wa saa nane mchana unaunguza nyayo. Maji ya kunywa beba ya kutosha, kilomita tatu za mchanga sio kilomita tatu za lami.

Kuogelea ndio sehemu nataka usome taratibu. Pale Grand Haven na South Haven minara ni myekundu na imesimama mwisho wa gati refu linaloingia ziwani, inapendeza mno kwenye picha, watu wanaona gati wanadhani ni sehemu salama ya kuogelea pembeni yake. Hapana. Mawimbi yakigonga ufukwe maji lazima yatafute njia ya kurudi, na ukuta wa gati unayapa njia, kwa hiyo mkondo unapita sambamba na gati kwenda nje na unamchukua mtu hata kama anajua kuogelea. Kaa mbali kabisa na gati. Pia mawimbi ya maziwa haya yanakuja karibu karibu, hupati muda wa kupumua kati ya moja na jingine kama ilivyo baharini, na maji yasiyo na chumvi hayakubebi vile yale ya chumvi yanavyokubeba. Ukikamatwa na mkondo usipambane nao, geuka ulale chali, elea, tuliza pumzi, angalia unakupeleka wapi halafu toka kwa pembeni. Bendera zisome, kijani, njano, nyekundu, na kwenye fukwe za hifadhi za jimbo Michigan ukiona nyekundu mbili ni marufuku kuingia majini, sio ushauri, ni amri. Na kutembea juu ya gati siku mawimbi yanapanda juu ya zege usithubutu hata kama wenyeji wanapita.

Kitu kingine hakielezwi sana, joto la maji linaweza kubadilika usiku mmoja. Tulikuwa na mdogo wangu, jana yake maji yalikuwa vuguvugu tumeogelea mpaka jioni, asubuhi akaingia mbio mbio akatoka anatetemeka hawezi kuongea, midomo imebadilika rangi. Usiku upepo ulikuwa umevuma kutoka nchi kavu ukasukuma maji ya juu yenye joto kwenda katikati ya ziwa, yale ya baridi ya chini yakapanda kuziba nafasi. Tangu siku hiyo kwetu hakuna anayejitupa majini, unaingia miguu kwanza, unasubiri, ndio unaendelea. Superior ndio kabisa, hata Agosti ni baridi ya kukata pumzi.

Ukifika Sleeping Bear utakuta vilima vya mchanga vinavyosimama juu ya ziwa kama mita 137, na kuna mahali watu wanashuka moja kwa moja mpaka majini. Kushuka ni dakika chache, kupanda ni kutambaa kwa mikono na miguu chini ya jua, wapo wanaoshindwa mpaka waokolewe. Bango la onyo liko pale pale juu, litii. Sehemu zilizozungushiwa kamba ufukweni ni za ndege wadogo wanaotaga kwenye mchanga, zunguka. Na mawe mazuri yale yenye michoro ya nyota za pembe sita, yanaitwa Petoskey, ambayo kumbe ni matumbawe ya zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kuondoka nalo hata moja, kwenye ardhi ya jimbo unaruhusiwa kama kilo 11 kwa mwaka. Yalowanishe ndio utaona michoro, likiwa kavu ni jiwe la kijivu tu.

Ukiwa na muda wa kwenda kaskazini, Superior ndiko minara inakoeleza sababu yake vizuri zaidi. Split Rock kule Minnesota ipo juu ya jabali, ilijengwa baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi, ikawashwa 1910. Kila tarehe 10 Novemba wanaiwasha kukumbuka meli ya Edmund Fitzgerald iliyozama 1975 na watu wote 29, wanasoma majina na kengele inagongwa, mtu ukisikia huwezi kubaki vile vile. Kengele yenyewe ya ile meli ilitolewa majini 1995 na iko makumbusho ya Whitefish Point, Michigan. Na pale Au Sable, ndani ya Pictured Rocks, hifadhi nyingine ya Michigan kwenye Superior, ukitembea ufukweni kwenda kwenye mnara unapita mabaki ya meli, mbao na misumari mirefu ya chuma imelala kwenye mchanga. Usichomoe kitu.

Wapenzi wa ukongwe, mnara wa Marblehead pale Ohio unafanya kazi tangu 1822 bila kukoma, na ule wa Gibraltar Point kule Toronto, upande wa Kanada, ni wa 1808.

Jioni za kiangazi pwani ya Ludington jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo wengi wanarudi mnarani kuangalia, mlango umeshafungwa lakini taa ya Big Sable bado inawaka kwa ajili ya meli. Beba tochi, zile kilomita tatu za kurudi hazina taa nyingine.