Kupiga picha nakshi za milango ya Mji Mkongwe

Kwa miaka mingi nilirudi kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar na picha za milango ambayo nakshi zake zilionekana bapa kana kwamba zimechapwa kwenye karatasi, na kila mara niliilaumu simu. Kosa lilikuwa langu, kwani nilikuwa nikisimama jua likiwa mgongoni. Nakshi ni mabonde na matuta yanayoonekana kwa vivuli vyake, na mwanga unaoupiga mlango kutoka mbele moja kwa moja huvifuta vivuli hivyo.

Kwa hiyo, chagua saa kwanza. Mlango ulio kwenye uwazi, unaotazama kaskazini au kusini, upige asubuhi au jioni, jua linapoambaa ukuta. Katika vichochoro, ambamo jua la asubuhi halifiki chini, nakushauri jambo ambalo wapiga picha wengi watalikataa: nenda kati ya saa sita na saa saba mchana. Hasa mwanzoni mwa Machi na Oktoba, jua hupita karibu na utosi, na kwa dakika chache mwanga huteremka ukutani ukigusa migongo ya nakshi tu, mradi pasiwe na roshani inayoukinga.

Kabla ya kutoa simu, usome mlango kwa macho. Anza juu: ukiwa wa mraba, ni wa mtindo wa Kiomani, ukiwa na tao, kuna mkono wa Kihindi, mtindo ulioenea mwishoni mwa karne ya 19. Kisha shuka na mwimo, ule mti wa kando ya mlango, utazame minyororo na mawimbi, na mara nyingi samaki karibu na ardhi. Mimi humalizia kwa mfaa, ule ubao wa katikati, na mara nyingine huupiga peke yake, maana naona ndipo fundi alipojigamba.

Simama katikati, mbali kidogo, na usiiinamishe simu, la sivyo miimo itaegemeana. Zima taa ya simu, kisha gusa kwenye kioo chake njumu inayong'aa, ule msumari wa shaba wa pambo, na upunguze mwanga hadi mng'aro wake utulie. Mti utakuwa mweusi kidogo, nao ndivyo ulivyo.

Piga hodi, kwa kuwa hiyo ni nyumba ya mtu. Na wenyewe wakikubali, usiwaombe waondoke barazani: mzee aliyeketi pale na kikombe chake cha kahawa ndiye atakayeonyesha urefu wa mlango.