Umeshapunguza mizigo nyumbani? Sasa rudia ile hobi uliyoiacha

Watu wengi wakishatoa mizigo ndani ya nyumba, nguo wamegawa, vyuma vimeenda kwa watu wa skrapu, wanabaki na kona moja tupu na boksi moja ambalo roho ilikataa kulitupa, alafu wiki inayofuata ile kona wanaijaza tena na vitu vya sokoni. Jamani subirini kidogo. Hilo boksi lifungue kwanza, hobi yako ya zamani imo humo.

Chagua moja tu. Najua umekuta nyuzi za kufuma, gitaa, stempu na cherehani ya mama na vyote unavitaka, lakini ukivianza vyote pamoja mwezi hauishi vimerudi chini ya kitanda. Jiulize ni ipi ilikuwa inakusahaulisha hata kula, anza na hiyo. Na kama kuna kitu ukikishika husikii chochote mpe mtoto wa jirani anayekitamani.

Kabla ya kuanza tengeneza kifaa, maana hapa ndo watu wengi wanakata tamaa, wanadhani mikono imesahau kumbe mashine ndo imekwama. Cherehani ya miguu iliyokaa miaka imejaa vumbi na mafuta yaliyoganda. Fungua bamba la chini ya sindano, toa manyoya ya uzi kwa mswaki wa zamani, tia tone mojamoja la mafuta ya cherehani kila sehemu inayozunguka, sio mafuta ya kupikia kabisa, yale yakikauka yananata kama gundi. Zungusha gurudumu polepole kuelekea kwako bila uzi, alafu shona kitambaa kibovu mpaka mafuta yaache kutoka ndo uguse kitenge. Mkanda wa ngozi ukilegea kata kidogo utoboe tundu jipya. Sindano badilisha hata kama unaiona nzima, namba 14 inatosha kwa kitenge, jinzi inataka 16 au 18. Uzi wa zamani uvute kwa mikono, ukikatika kirahisi utupe hata kama rangi yake unaipenda. Mafundi wa pale soko la Owino, Kampala, ukiwauliza watakuonyesha vipuri wanapata wapi.

Na usianze na gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda! Anza na pindo la yunifomu ya mtoto au foronya, kitu cha kumaliza jioni moja, kwa sababu ukimaliza kitu mikono inapata moyo wa kuendelea.

Gitaa ni rahisi zaidi, nyaya zenye kutu toa zote uweke seti mpya, ila angalia kwanza kama shingo haijapinda.

Waliokuta ubao wa omweso, ule mchezo wetu wa bao wa Uganda, nawaonea wivu mzuri kabisa. Hesabu mashimo, ni safu 4 za mashimo 8, na kete ni 64, kila mtu 32. Zikipungua tafuta mbegu kavu za saizi moja, zisisimamishe mchezo. Omweso unataka mtu wa kucheza naye, kwa hiyo nenda kwa mzee wa mtaani anayeujua, msalimie vizuri, mwambie "Mzee, nimesahau, naomba unikumbushe", na ukae ufungwe mara nyingi bila kununa, hivo ndo unarudi.

Kama ulikuwa unakusanya pesa za zamani, sarafu usizing'arishe, unaziharibia thamani, na noti usizibandike na selotepu. Zipange kwa miaka, zile za kabla ya 1987 zikae peke yake, mwaka huo ndo pesa ya Uganda ilibadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya.

Sasa ile kona. Kifaa kikae hapo wazi, tayari kutumika, maana ukikifungia kabatini utakisahau tena. Mvua za Machi mpaka Mei na zile za Septemba mpaka Novemba zinaleta unyevu, kwa hiyo nyuzi na karatasi zisilale sakafuni, ziinue juu ya ubao. Dakika 20 baada ya chakula zinatosha kuanzia. Na vifaa vipya usinunue mpaka umemaliza kitu kimoja kwa vile ulivyokuta kwenye boksi, isipokuwa sindano au nyaya za gitaa, hizo nunua leo.