Jinsi ya kuipima nyota pacha ya Mizani ukiwa Dodoma

Kuanzia Mei hadi Agosti anga la Dodoma halina mpinzani. Mvua zimekata, mawingu ni haba, na kundinyota la Mizani linapita karibu kabisa na utosi. Humo ndani imo Delta Librae, nyota ninayompa kila anayeniuliza aanzie wapi. Andaa darubini ya macho mawili, daftari, mkeka na saa. Kati ya hivyo vinne, saa ndiyo itakayokuponza.

Kwa macho ni nukta moja, kumbe ni nyota mbili zinazozungukana kila siku 2.3273, yaani siku mbili, saa saba na dakika 51. Kila mzunguko, ile hafifu hupita mbele ya ile ng'avu na mwanga hushuka kutoka namba 4.9 hadi karibu 5.9 (namba ikipanda, nyota imefifia). Ajabu yake ni kwamba ile iliyozeeka na kuvimba ndiyo nyepesi, wakati tunajua nyota nzito ndizo huzeeka mapema. Jibu ni kwamba zamani yenyewe ndiyo ilikuwa nzito. Ilipovimba ikapita mpaka wa Roche, ambao nje yake nyota haiwezi tena kushikilia gesi yake, ikaanza kummwagia mwenzake. Mdogo akanenepa, mkubwa akakonda.

Hatua ya kwanza: toka mjini. Taa za mji zimeongezeka sana, hivyo nenda upande wa Hombolo au Bahi. Vaa koti. Kipupwe cha Juni na upepo wa huku si mzaha, na mkono unaotetemeka haushiki darubini. Lala chali kwenye mkeka, la sivyo shingo itakukatalia baada ya nusu saa. Tafuta Antares, moyo mwekundu wa Nge, kisha Spica upande wa magharibi. Katikati yao ndiyo Mizani. Shika Beta Librae, ile ng'avu kuliko zote za Mizani, halafu nyoosha mkono na sogea upana wa vidole viwili kuelekea Spica. Hapo ndipo ilipo Delta Librae; zote mbili zinaingia ndani ya darubini kwa pamoja.

Hatua ya pili: kadiria mwanga. Pakua ramani ya nyota hii kutoka AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota geugeu kilichoanzishwa mwaka 1911. Ramani inakupa nyota jirani na namba zake. Chagua moja inayoishinda kidogo na nyingine inayoshindwa nayo. Ikiwa jirani hao ni 4.9 na 5.5, na yako iko theluthi moja ya njia kutoka kwa ile ng'avu, andika 5.1. Rudia kila baada ya dakika 15, bila kuchungulia ulichoandika mwanzo.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonitesa. Msimu wangu wa kwanza niliandika "3:30", nikimaanisha saa tatu na nusu usiku. Wiki mbili baadaye nikaingiza kwenye kompyuta kama alfajiri ya siku iliyofuata. Nyota yangu ikaruka saa sita mbele, nami kwa siku nzima nikaamini nimegundua kitu. Tangu hapo naandika 21:30 tu. Kisha toa saa tatu upate saa za dunia: 18:30. Kisha geuza iwe siku ya Julian, hesabu ya siku mfululizo isiyo na miezi wala miaka, inayoanza siku mpya saa sita mchana kwa saa za dunia, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Uzuri wake ni kwamba usiku wako mzima unabaki ndani ya namba moja. Mfano, tarehe 14 Juni 2025 saa 21:30 ya hapa ni 2460841.271.

Hatua ya nne: tafuta katikati ya kupatwa, yaani pale ile hafifu inapoifunika ng'avu zaidi. Chora mchoro, muda chini, mwanga wima. Usichukue ile nukta ya chini kabisa, mara nyingi ni jicho lako limechoka. Kunja karatasi mpaka mteremko ulale juu ya mpando; mkunjo ndio wakati wako. Kwa macho tegemea kukosea dakika kumi au zaidi.

Sasa kalenda. Mizunguko mitatu ni wiki moja pungufu ya dakika 26. Tuseme umekamata Jumamosi saa 21:30: unaofuata ni Jumanne 05:21 Mizani ikiwa imeshazama, kisha Alhamisi mchana, kisha Jumamosi saa 21:04. Na kwa kuwa nyota zote huwahi kuchomoza kwa takriban dakika 28 kila wiki, kupatwa kwako kutakukuta ukitazama karibu pembe ileile ya anga msimu mzima.

Hatua ya tano: toa wakati ulioutarajia kutoka kwenye wakati uliouona, uchore tofauti hizo mwaka hadi mwaka. Mstari ulionyooka lakini umeinama haumaanishi lolote isipokuwa kipindi (muda wa mzunguko mmoja) ulichoanzia kina kosa dogo. Tafuta mpindo. Ukipinda kwenda juu, mzunguko unarefuka, kama inavyotarajiwa nyota nyepesi inapomwagia nzito. Ukipinda kwenda chini, zinakaribiana.

Kukaribiana huko kuna mwisho wake. V1309 Scorpii ililipuka Septemba 2008, na kumbukumbu za OGLE, mradi wa kupima mwanga wa nyota, zikaonyesha kuwa kwa miaka kadhaa kabla ya hapo ilikuwa nyota pacha ya kipindi cha siku 1.4 kilichozidi kufupika. Nyota mbili zikawa moja.

Lakini kumbuka pia nyota pacha nyingine, KIC 9832227. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ingeungana mwaka 2022. Mwaka 2018 watafiti wengine wakarudia hesabu, wakakuta wakati mmoja wa mwaka 1999 ulichapishwa na kosa la saa 12 kamili. Ukisahihishwa, mpindo wote unayeyuka.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, fungua daftari, pita kila mstari, na mbele ya kila saa andika kama ni ya hapa au ya dunia.